Samaki Saba Walionivunjia Nyumba

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja. Kwetu ni Tukuyu, lakini sasa naishi Nyololo, kando ya barabara kuu, ambako napika ugali na maharage kwa madereva na wachuma chai. Niliolewa kwa ng'ombe, nikafunga ndoa kanisani, nikazaa mtoto mmoja wa kike. Leo sina mume, na mtoto wangu analelewa na mwanamke ambaye nikimwona natamani kumrarua kwa meno!

Anayetaka kunihurumia asijisumbue. Siandiki haya ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu nimechoka kusikia watu wakinong'ona hapa Nyololo, eti nilifukuzwa kwa uchawi, eti nilifumaniwa nikiwa na dereva wa lori. Uongo mtupu! Nilifukuzwa kwa sababu ya samaki. Ndiyo, samaki... Tena si samaki wa kukaanga. Samaki wa kutazamwa, kila mmoja urefu wa kidole!

Mwaka wa hamsini na nne tulikuwa tunakaa Mbeya, kwenye kota za watumishi. Mume wangu Anyosisye alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa kazi za barabara, ambaye sisi watumishi tulimwita Bwana Miwani. Bwana huyo hakuwa na mke wala mbwa. Alichokuwa nacho ni sanduku kubwa la kioo lenye fremu ya chuma, limejaa maji, na ndani yake samaki saba. Alitumiwa kutoka kisiwa fulani cha mbali baharini. Alimwambia mume wangu kwamba huko kwao samaki hao hupanda maporomoko ya maji kwa tumbo, maana wana kisahani tumboni cha kunatia kwenye mawe.

Chakula chao kilikuwa kitu cha ajabu. Hawakula nyama wala makombo. Walikula utelezi, ule utelezi wa kijani unaoota kwenye mawe yaliyokaa majini juani. Kutwa nzima walikuwa wakikwangua mawe kwa midomo yao iliyo chini ya kichwa, kama mbuzi anayelamba chumvi. Basi nje kulikuwa na makarai mawili ya maji yenye mawe, yameanikwa juani ili yaote utelezi. Kila baada ya siku tatu, mawe yaliyokwanguliwa yalitolewa kwenye kioo, na yale ya kijani yakaingizwa. Na asubuhi na jioni ilibidi mtu achote maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, ili samaki wadhani wako kwao mtoni.

Sasa niambieni, wasomaji. Mwanamke wa Kinyakyusa, aliyefundishwa na mama yake kufagia hata zizi la ng'ombe, anaambiwa atunze uchafu usiondoke! Tangu siku ya kwanza niliwachukia samaki wale. Lakini nilimpenda mume wangu, na mume wangu aliwapenda.

Bwana Miwani alipokwenda livu Ulaya kwa miezi mitano, Mzungu aliyeshika nafasi yake hakutaka lile sanduku nyumbani. Wanaume wanne wakalibeba hadi kwetu, wakaliweka chumba cha mbele. Bwana Miwani alimwambia mume wangu kwamba akirudi atahamishiwa Iringa, na kwamba atamchukua pamoja na familia yake, tukakae Ipogolo, kwenye nyumba yenye bustani. Akasisitiza jambo moja tu. Mawe yasisuguliwe kamwe!

Mwezi wa pili, Mzungu mgeni alimchukua mume wangu kwenda kupika kambini, Ruaha Mbuyuni, walikokuwa wakitengeneza barabara. Kabla hajaondoka alinishika mabega yote mawili, mbele ya mtoto wetu Tusekile. Aliniambia kwamba hajali nikichoka, hajali nyumba ikivuja, ila kila Jumamosi lori la kazi likipita nimwandikie barua moja, nimwambie samaki wako wangapi, na niwe nimewaona kwa macho yangu. Nikaahidi. Nilijua kusoma na kuandika, nilifika darasa la nne kwenye misheni.

Wiki moja tu baadaye, mashaka yakaingia mlangoni kwa magongo...

Baba mkwe wangu alianguka kule Tukuyu akavunjika mguu. Akaletwa Mbeya na lori, akafungwa plasta kuanzia mguuni hadi pajani, akaambiwa akae karibu na hospitali kwa wiki sita. Atakaa wapi kama si kwa mwanawe? Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake wa nje. Majirani wakamlaza chumba cha mbele. Kitanda chake kikawekwa chini ya dirisha, na lile sanduku la samaki liko ukuta wa pili, likimtazama.

Wasomaji wa pwani hamtaelewa, kwa hiyo nawaeleza. Kwetu sisi mke wa mtu hamwoni baba mkwe wake, wala haonwi naye. Tunaita ukutila. Ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye migomba. Humtaji jina, huingii anapolala, humpi chakula kwa mkono wako. Mchungaji wetu alikwisha kusema kanisani kwamba mambo hayo si dhambi kuyaacha. Wengine waliyaacha. Lakini baba mkwe wangu hakuwa mtu wa kanisani, na mimi nilikuwa nimemwogopa mzee yule tangu nina miaka kumi na tisa. Ningewezaje kuingia?

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa kwanza. Nilimwita Atuganile.

Atuganile alikuwa rafiki yangu tangu utoto. Tulichota maji pamoja, tulikaa dawati moja, tulibatizwa siku moja. Alipoachana na mumewe huko Kyela, ni mimi niliyemleta Mbeya! Ni mimi niliyemtafutia chumba kwa jirani, nikampa unga wa kuanzia biashara ya maandazi. Nguo aliyovaa siku ile ilikuwa yangu. Nilimwomba awe anaingia chumba cha mbele kwa niaba yangu, ampe mzee chakula nilichopika, abadilishe mawe, amimine maji, na aniambie samaki wako wangapi. Kuhusu mawe nilimwambia mara tatu, na ya tatu nilimshika sikio kwa utani. Usiyasugue!

"Gwe mama Tuse, mimi mtoto?" akacheka. "Nimesikia."

Ningemwandikia mume wangu kwamba baba yake yupo, angekuja, au angetafuta mtu mwingine. Nilitaka kumwandikia. Atuganile akanizuia. Alisema nikiandika hivyo mume wangu ataacha kazi bure, na Wazungu hawapendi mpishi anayetoroka kambini. Alisema pia kwamba mwanamume akishaona kazi imekushinda hawezi kusahau. Maneno yake yalinichoma kwa sababu nilikuwa na majivuno. Sikuandika.

Jumamosi ya kwanza niliandika, "Mume wangu, samaki saba wote wazima, nimewaona leo kwa macho yangu." Nilijiambia, si Atuganile amewaona? Macho yake na yangu yana tofauti gani?

Siku zikawa zinakwenda hivi. Nilipika ndizi, zile tunazoita mbalaga, au ugali, nikaweka nje ya mlango wa mbele na kurudi mbio. Nilileta karai la mawe ya kijani, nikaliweka hapohapo. Atuganile aliingia nalo. Mimi nilikaa chumba cha nyuma, nikisikiliza kupitia ukuta. Nilimsikia mzee akiongea, nikamsikia Atuganile akicheka. Kisha nikasikia kwaru, kwaru, kwaru... Nikadhani anasugua sufuria na sahani za mzee kwa mchanga. Hata nikamshukuru! Nikamwambia, "Ndaga, dada, unanisaidia hadi vyombo." Akainama, akasema ni kazi ndogo.

Alikuwa anasugua mawe!

Haya niliyajua baadaye, kupitia kwa majirani waliosimuliwa na mzee mwenyewe. Siku ya kwanza tu alipoona mawe yale yanaingizwa, mzee aliuliza, "Mawe gani haya yana makamasi? Kwangu hata ng'ombe hanywi maji namna hii. Mwanangu ameoa mwanamke gani?" Na Atuganile badala ya kumweleza kwamba ule utelezi ni chakula cha samaki, akamwita baba kwa Kinyakyusa, akasema, "Tata, usijali, mimi nitayaosha." Akachukua mchanga na majivu, akayasugua hadi yakang'aa, ndipo akayatia majini. Mzee akamsifu. Kesho yake akamsifu tena. Mwanamke aliyeachwa na mume, ambaye hakuna mtu amemsifu kwa miaka miwili, akaonja sifa za baba mkwe wangu akanogewa nazo. Na kila aliposugua jiwe alikuwa anaondoa chakula cha samaki, na ananiondoa mimi nyumbani kwangu.

Ili samaki waonekane wanalishwa, akawatupia makombo ya ugali. Maji yakaanza kuchacha.

Wiki ya tatu mwanangu Tusekile, aliyekuwa na miaka sita, alikuja chumba cha nyuma kutoka kwa babu yake. Aliniambia, "Mama, samaki wawili wamelala chali. Shangazi Atu amewatupa." Nilimwita Atuganile nikamuuliza. Alicheka, akasema mtoto ameona majani, akasema saba wote wapo, wananata kwenye kioo kama kawaida. Kisha akaniuliza kwa uchungu kama siku hizi naamini watoto kuliko yeye.

Na mimi nilifanya nini? Nilimpiga mtoto wangu kofi! Nikamwambia asiwe mwongo. Tusekile hakulia. Alinitazama tu, akatoka nje. Kofi lile, wasomaji, linaniwasha mkononi mpaka leo.

Jumamosi ile niliandika tena. "Saba. Wote wazima. Nimewaona."

Mtasema nilikuwa mjinga. La, ningekuwa mjinga ningekuwa na nafuu. Nilikuwa na wasiwasi tayari! Nilikwisha kuanza kusikia harufu kupitia ukutani. Nilikwisha kuona kwamba mawe yanarudi meupe mno. Mara mbili nilifika hadi kizingiti cha mlango wa mbele, mkono uko kwenye pazia... nikamsikia mzee akikohoa, nikarudi. Nilimwogopa mzee aliyevunjika mguu kuliko nilivyoogopa kumdanganya mume wangu. Barua ya nne niliandika. Ya tano niliandika. Ya sita niliandika, tena nikaongeza kwamba mmoja amenenepa!

Wiki ya sita, siku ya Jumanne asubuhi, Tusekile aliingia polepole, akafungua kiganja mbele yangu. Ndani yake kulikuwa na samaki mmoja, mkavu, tumbo limeingia ndani hadi mifupa inahesabika. Nikamgeuza. Nikakiona kile kisahani cha tumboni, kidogo kama kifungo cha shati.

Sikumbuki nilivyotembea. Nakumbuka tu nimevuta pazia na nimo ndani.

Baba mkwe wangu alikuwa ameketi kitandani, mguu mweupe umenyooshwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimtazama usoni. Alijifunika blanketi kichwani, akaanza kupiga kelele, "Toeni huyu! Toeni huyu! Nimeonwa!" Atuganile alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, amevaa kitenge changu, anamenya ndizi. Na kwenye kioo... Mawe yote yalikuwa yanang'aa kama sahani za Mzungu kabatini. Maji yalikuwa mazito na yananuka. Samaki aliyebaki alikuwa mmoja. Alikuwa amenata kwenye kioo, mdomo wake unakwangua, unakwangua, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Nilimpiga Atuganile. Sitaficha! Nilimpiga hadi ndizi zikasagika sakafuni. Alikuwa akisema, "Tata aliniambia, ni tata, muulize tata!" Na mzee alipopiga kelele tena chini ya blanketi, nilimgeukia nikamtaja jina lake. Jina lake kamili, la ukoo na la utoto wake! Nikamwambia ameua nyumba ya mwanawe kwa usafi wake. Majirani waliokuwa mlangoni waliziba masikio.

Jioni ile samaki wa mwisho alidondoka kutoka kwenye kioo.

Mzee alikataa kulala chini ya dari moja na mimi, wakamhamishia kwa jirani. Alituma watu kwetu kudai ng'ombe wa kusafisha aibu. Kaka zangu walikuwa tayari kumtoa ng'ombe huyo. Nilijipa moyo. Nilijua mume wangu ni mtu wa kanisa, ataelewa kwamba nilivunja mila kwa ajili yake. Nilipanga maneno ya kumwambia, nikayarudia kama mtoto anayejifunza Baba Yetu.

Alifika Ijumaa, na lori la kazi. Hakunisalimu. Alitazama kioo kitupu, akaketi mezani, akatoa mfukoni barua saba. Sita zilikuwa zangu. Ya saba nilitambua mwandiko kabla sijaiona vizuri, maana tulikaa dawati moja. Atuganile alikuwa amemwandikia wiki mbili kabla, na kambini walikuwa wamemnyima ruhusa hadi wiki ile! Alimwambia kwamba samaki wanakufa, kwamba mimi siingii kuwatazama, kwamba yeye anajitahidi peke yake kumuuguza baba na kufanya usafi. Alimwandikia hayo na jioni akaja kwangu kuomba chumvi!

Nikaanza kueleza. Nikasema habari ya mzee, ya mawe, ya mchanga na majivu. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema habari ya kumtaja baba haimsumbui, hilo atalimaliza na wazee. Samaki nao hawamsumbui, angemwambia Bwana Miwani ukweli na kukubali lolote. Kisha akanisogezea barua zangu.

"Soma," akasema.

Nikasoma ya kwanza. Akasema nisome na ya pili. Nilisoma zote sita kwa sauti, mwanangu amekaa mlangoni anasikia. Nimewaona. Nimewaona. Nimewaona kwa macho yangu. Nilipomaliza ile ya kunenepa, niliiweka mezani.

Aliniuliza swali moja tu. "Uliwaona?"

Nilisema hapana.

Aliniambia kwamba Atuganile ni mtu baki, mtu baki anaweza kufanya lolote. Lakini mimi nilimwahidi. Alisema kuanzia siku ile nikimwambia mtoto amekula, atalazimika kwenda kutazama chungu. Nikimwambia mvua inanyesha, atatoka nje. Hawezi kuishi hivyo. Nilianguka miguuni pake, nikashika viatu vyake vyenye vumbi la Ruaha Mbuyuni. Aliibandua mikono yangu taratibu, kidole kimoja kimoja. Angenipiga ningeona afadhali!

Kaka yangu alikuja kunichukua. Tusekile alibaki, maana kwetu mtoto ni wa baba. Ng'ombe walirudishwa. Mlango wa ndoa ukafungwa.

Sasa sikieni jambo linalonifanya nilale nimeuma meno. Bwana Miwani aliporudi kutoka Ulaya na kuambiwa samaki wamekufa, alifanya nini? Aliinua mabega tu! Akasema ni bahati mbaya, baridi ya Mbeya huenda haikuwafaa, atafuga ndege. Basi! Akamchukua mume wangu kwenda Iringa kama alivyoahidi. Nyumba ya Ipogolo yenye bustani ipo. Nimeiona. Anayeishi humo kama mke ni Atuganile. Baba mkwe ndiye aliyemposa kwa ajili ya mwanawe, eti amepata mkwe msafi. Nasikia sasa naye anajificha kwenye migomba mzee akija. Ajifiche vizuri!

Mwaka jana nilipanda basi hapa Nyololo nikaenda Ipogolo kumwona mwanangu. Nilikuwa nimemshonea gauni la maua. Mume wangu alikuwa kazini. Atuganile alinifungulia mlango, amenenepa, akanikaribisha kiti kama mgeni. Sikuketi. Tusekile alitoka ndani, mrefu, nywele zimesukwa vizuri. Nilimuuliza kama hajambo, kama anakula vizuri, kama anapigwa.

Mwanangu aligeuka kwanza akatazama uso wa Atuganile, akasubiri. Atuganile alipomwitikia kwa kichwa, ndipo akaniambia, "Sijambo. Nakula vizuri. Sipigwi."

Nilisimama pale nimeshika gauni. Sikujua kama ni kweli au si kweli. Mtoto aliyewahi kuniambia ukweli bila kuulizwa, nikamlipa kofi, sasa nitamjuaje? Nimpige nani safari hii? Niliweka gauni kwenye kiti, nikarudi stendi.

Enyi wanawake wenzangu mnaosoma haya mkinisikitikia au mkinicheka, mimi simpendi mtu yeyote kati yenu kiasi cha kumdanganya. Kuna chumba ndani ya nyumba yako ambacho unaogopa kuingia, iwe ni kwa mila, kwa aibu au kwa kiburi. Unamtuma mtu akuangalizie, kisha unaapa kwamba umeona. Acha! Inuka sasa hivi, vuta pazia, uingie mwenyewe. Ukikuta kumeoza, sema kumeoza. Mume atakasirika, mkwe atapiga kelele, ng'ombe atatolewa, na bado utakuwa na nyumba. Mimi niliingia nimechelewa, na barua sita zilikwisha kutangulia Ruaha Mbuyuni.